Mkono Mgongoni

Fundi alipopoteza macho, majirani walikuja kumpa pole kwa mafungu, na kila fungu lilikuja na methali ileile: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mke wake aliwapa viti, akawasikiliza, akawasindikiza hadi mlangoni. Moyoni alikuwa akiwajibu kwamba koleo lipo, zima kabisa, limetundikwa msumarini kule karakana. Aliyevunjika ni mhunzi mwenyewe. Lakini mtu aliyekuja kukupa pole humkosoi.

Yeye mwenyewe mtaani walimwita Mama Koleo, na jina hilo hakulipata kwa ukali wa maneno yake, ingawa maneno hayakumpungukia. Alilipata kazini. Tangu binti yao wa pekee alipoanza kutambaa, yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wa mumewe katika kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, fremu za vitanda, mikokoteni. Mkono wa kulia ulishika koleo lililobana chuma mahali pake, na mkono wa kushoto ulikaa mgongoni kwa Fundi. Wasiojua kazi walidhani ni mahaba ya mchana kweupe, na vijana wa jirani waliwatania mpaka wakachoka wenyewe.

Ukweli ni kwamba mchomeleaji akishateremsha ile ngao ya usoni yenye kioo cheusi haoni kitu mpaka moto uwake, na akiuwasha pasipo pake kazi imeharibika. Kwa hiyo Mama Koleo alimwongoza kwa vidole. Kidole kikibonyeza upande wa kushoto wa uti wa mgongo, Fundi alisogeza mkono kushoto. Kikibonyeza kulia, akasogea kulia. Kiganja kikipanda, juu, kikishuka, chini. Makofi mawili madogo yalimaanisha hapohapo, washa. Mashine za jirani zilipiga kelele hata ukitukanwa usisikie, lakini wao hawakuhitaji neno. Miaka ikapita hivyo, na mwishowe hata Mama Koleo hakuwa akijua tena kwamba anabonyeza. Mkono ulisema, mgongo ukajibu, na wao wenyewe huku wakiwaza mambo mengine kabisa.

Halafu betri ya lori ikamlipukia Fundi usoni, na tindikali ikamaliza macho yote mawili kabla hajalifikia bomba la maji.

Kuanzia hapo alikaa ukingoni mwa kitanda akielekea ukuta. Hakunyoa. Chakula alikila akiletewa, na kikisahauliwa hakukiulizia. Binti yao alipojifungua, mjukuu wa kwanza huyo, akaletwa na kupakatishwa babu yake, Fundi alimpapasa uso kwa kidole kimoja, akamrudisha kwa mama yake.

"Hongera mwanangu," akasema. Binti alipoondoka akamgeukia mkewe. "Mjukuu mtu humwona. Mimi nimepewa kitu kizito kinacholia."

Mama Koleo alilia siku ile, na hakulilia macho. Alikuwa amekwisha kuyazoea yale makovu. Alimlilia mwanamume aliyekuwa akimjua, mcheshi, mbishi, mwenye kuimba vibaya, ambaye sasa alikuwa anaondoka kidogokidogo huku mwili wake umekaa palepale kitandani.

Ndipo ikaja habari kwamba hospitali kuu inawatafuta watu waliokuwa wakiona zamani, wawaunganishe na kompyuta. Profesa aliyesimamia kazi ile alikuwa mtu mpole mwenye mikono baridi. Alimkalisha Fundi akamweleza kwamba macho yake yamekufa na hayatafufuka, lakini ile sehemu ya ubongo nyuma ya kichwa inayofanya kazi ya kuona haijafa. Iko nzima, imekosa kazi tu.

"Mzee wangu, macho ni mlango, na mlango wako umebomoka," akasema. "Sisi tutapitia dirishani."

"Anayepitia dirishani ni mwizi," Fundi akamjibu.

Profesa akacheka. Mama Koleo hakucheka, alimgeukia mumewe mdomo wazi, maana huo ulikuwa utani wa kwanza kumtoka tangu ajali. Kuanzia dakika ile aliipenda mashine ambayo hajaiona, na angeipa hata kichwa chake mwenyewe kama wangekitaka.

Wakampasua. Wakampandikiza chini ya fuvu, kisogoni, kisahani kidogo kuliko ukucha, chenye visindano vyembamba vilivyozama kwenye ubongo. Waya ukatokea nyuma ya sikio ukashuka hadi kwenye kisanduku cha mkandani. Puani wakamvalisha miwani yenye kamera. Kamera ione, kisanduku kitafsiri, visindano vipeleke umeme, ubongo uone. Hivyo ndivyo alivyowaelezea binti mmoja mtaalamu wa kompyuta, mwembamba, mwenye haraka, ambaye Fundi alimbatiza Binti Nyaya palepale, na mwenyewe akalikubali jina.

Siku walipowasha, Fundi alishika mikono ya kiti akapiga kelele. "Cheche! Mama, naona cheche!" Na nani azijue cheche kama si yeye? Mama Koleo akaficha uso kwenye mtandio wake.

"Sasa ndiyo kazi inaanza, baba," Binti Nyaya akasema, naye macho yamemlowa. "Kompyuta haijui cheche ipi inatokea wapi kichwani mwako. Hata sisi hatujui. Mimi nitaweka mstari kwenye skrini hapo mbele, kompyuta itakurushia cheche kwa mpangilio wake, wewe utaniambia mstari umeelekea wapi. Ukipatia, inaushika mpangilio ule. Ukikosa, inautupa, inajaribu mwingine. Wewe ndiye mwalimu wake."

"Mradi mwanafunzi asiwe mtoro," Fundi akasema.

"Si mtoro. Ila hatuna muda mrefu. Ubongo haupendi wageni, utavizungushia visindano utando mpaka vizibe. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Kompyuta ikishajifunza vizuri, hata cheche chache zinaweza kumtosha mtu. Isipojifunza sasa, basi."

Dakika chache baadaye Fundi akashikwa na kizunguzungu, akaanguka kutoka kitini na kujigonga bega. Binti Nyaya akaleta kigoda, akakiweka nyuma ya kiti cha mgonjwa. "Mama, kaa hapa umshikilie, asianguke tena." Naye Mama Koleo akakaa, akaweka mkono wa kushoto mahali ulipozoea kukaa.

Mstari wa kwanza kwenye skrini ulielemea kulia. Fundi akasema, "Kulia." Wa pili ukaelemea kushoto, naye akasema kushoto. Wa tatu ukawekwa juu ya skrini, akasema uko juu. Binti Nyaya alikuwa ameinamia kompyuta yake upande wa pili wa meza, na alichokiona ni mzee anayepatia na mke aliyemshika mgongo kwa upendo. Nani angemzuia mke asimshike mumewe?

Mama Koleo mwenyewe aligundua baada ya mistari kadhaa. Alihisi kidole chake kinabonyeza, akakitazama kama kidole cha mtu mwingine. Akautoa mkono haraka, akauweka mapajani. Mstari uliofuata Fundi akakosa. Akakosa tena. "Zimechanganyikana," akasema, na mabega yake yakateremka vilevile yanavyoteremka akiwa pale ukingoni mwa kitanda. Kazi ikaahirishwa hadi kesho.

Pengine mambo yangeishia hapo, na yangeisha salama. Lakini walipokuwa wakitoka walikutana na mgonjwa mwingine kwenye korido, mtu mzima aliyekuwa dereva, anaongozwa na dada yake. Miwani hakuwa nayo tena. Yule dada akamnong'oneza Mama Koleo kwamba kaka yake hakuwa akijibu vizuri, wamekizima kisahani chake, kiti chake anapewa mwingine. Mama Koleo akamwambia pole. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusikia alichokuwa akiambiwa na mumewe.

Kesho yake mkono ulirudi mgongoni, na safari hii aliutuma mwenyewe. Kidogo tu, alijiambia, mpaka mashine ishike njia. Mtoto anayejifunza baiskeli unamshikia kiti, halafu siku moja unaachia na yeye anaendelea bila kujua. Hilo ndilo alilolifikiria, na tusimcheke, maana aliyemwambia kwamba mashine inajifunza kwa majibu ya Fundi hakumwambia kwamba itajifunza hata majibu yasiyo yake.

Kwa hiyo Fundi akawa mwanafunzi bora wa hospitali, au mwalimu bora, kwa hesabu za Binti Nyaya. Mistari ikawa maumbo, maumbo yakawa vitu. Profesa alianza kuwaita wenzake waje wamwone. Na Fundi, ambaye hakuwa na habari ya kidole chochote, alikuwa anaona. Alisema cheche sasa zinamtii, mstari ukienda kushoto zote zinakimbilia kushoto kama kuku waliomwagiwa mtama. Alianza kunyoa. Alianza tena kuimba vibaya.

Siku moja binti yao akaja na mtoto. Fundi alikuwa sebuleni, miwani usoni, Mama Koleo amesimama nyuma yake.

"Tulia," Fundi akamwambia binti. "Usiseme uko wapi. Uko mlangoni, upande wa kushoto. Sasa unakuja katikati. Sasa... umemwinua! Umemwinua juu!"

Binti akaangua kilio, babu akaangua kilio, mtoto naye akaona asibaki nyuma. Mama Koleo alikuwa amesimama palepale, kiganja chake kimepanda hadi kwenye shingo ya mumewe. Furaha iliyomo chumbani mle hakuwa ameiona tangu siku ya harusi ya binti yao. Angewezaje kuitia mchanga? Fundi alitangaza mtaa mzima kwamba amemwona mjukuu wake, anafanana na upande wa babu.

Mara nyingine, mkewe akiwa jikoni, alijigonga kwenye ubao wa mlango. "Kamera imeingia vumbi," alisema, na Mama Koleo akaja kuipangusa kwa pindo la gauni, ingawa vumbi halikuwepo. Akajiambia, bado kidogo.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikatikia kwenye ukumbi wa hospitali. Profesa aliwaalika madaktari wa mbali, viti vikajaa. Fundi alikuwa na shati jipya, amejipaka mafuta mpaka kipara kinang'aa. Mama Koleo alipoelekea kwenye kigoda chake, Profesa alimshika kiwiko kwa heshima zote. "Mama, leo wewe ni mgeni rasmi. Njoo ukae mbele na sisi." Akaketishwa safu ya kwanza, mikono yake miwili mapajani.

Mstari ukatokea skrini kubwa, umeelemea kushoto. Fundi akakohoa. "Kulia," akasema. Ukaja mwingine, akakosa. Mama Koleo aliuona mgongo wa mumewe ukirudi nyuma kidogo, ukitafuta, usikute kitu. Akatamani sakafu ipasuke immeze.

"Samahanini, wakubwa," Fundi akauambia ukumbi. "Leo mwanafunzi wangu ana homa." Wachache wakacheka. Binti Nyaya alikagua waya, kisanduku, kamera. Vyote vilikuwa vizima. Mwishowe akasema labda mzee amezoea kuwa na mama karibu, mama aende akakae naye. Mama Koleo akaenda. Hakuwa na pa kukimbilia. Mkono ukakaa mgongoni, mistari ikaja, na Fundi akapatia yote mpaka ukumbi ukapiga makofi.

Binti Nyaya hakupiga. Alikuwa ameutazama ule mkono. Wageni walipotoka kwenda kula, alichukua kipande cha kadibodi akakisimamisha katikati ya Mama Koleo na skrini. "Baba, mara moja tu ya mwisho." Fundi akakosa, akakosa, akakosa. "Asante baba, umechoka, pumzika," binti akasema kwa sauti ndogo, akamtoa Mama Koleo hadi kwenye korido.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza."

Binti Nyaya alikaa chini sakafuni na koti lake jeupe. "Mama, muda wote huu mashine ilikuwa inakusikiliza wewe. Kila ulipobonyeza ilidhani imepatia. Imeshika mipangilio ya ovyo, na ile mizuri, kama ilikuwepo, imeitupa."

"Basi ifute. Ianze upya. Nitakaa nje ya geti, binti yangu, hata mje mnifunge mikono."

"Ianze na nini? Visindano vingi vimeshaziba. Vilivyobaki vinatoa cheche tatu nne, na cheche hizo haziwezi kuchora hata mstari."

"Mpasueni, mweke vingine."

"Hapo hatuwezi kugusa mara ya pili. Tutamuua." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Ile miezi ndiyo ilikuwa yenyewe, mama. Niliwaambia."

Mama Koleo alingoja atukanwe. Angetukanwa angepata cha kujibu. Lakini yule binti alimuuliza tu nani atakayemwambia baba, na Mama Koleo akasema nitamwambia mimi.

Alikaa na neno lile siku kadhaa, likimkaba kama mwiba wa samaki. Kilichomlazimisha kulitema ni binti yao, aliyetuma habari kwamba anakuja na mtoto. Fundi alisikia, akaanza kujiandaa. Alijinyoa, akapangusa miwani, akauliza mtoto sasa anasimama? "Nitamwona akisimama," akasema. Mama Koleo akazima jiko, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe bila kumgusa, akamwambia yote.



"Kwa hiyo mimi nilikuwa najibu mkono."

"Ndiyo."

"Sikujua."

"Najua hukujua, Fundi. Kosa ni langu."

"Lakini zilikuwa zinasogea. Haki ya Mungu, mama, cheche zilikuwa zinasogea. Na mtoto? Siku ile mlangoni, alipoinuliwa?"

Mama Koleo alikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri, mlaini, na mtu yeyote mwenye huruma angempa. Alichoka tu. "Nilipandisha kiganja," akasema.

"Kwa hiyo sijamwona."

"Hujamwona."

Akanyoosha mkono amshike bega, kama alivyofanya maisha yao yote. Fundi alihisi joto lake likikaribia, akajivuta pembeni hadi kiti kikalia.

"Usinishike."

"Fundi, tafadhali."

"Nakuomba mama, usinishike tena. Ukinishika sitajua kipi ni changu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomvunja mkewe. Hasira ingepoa. Binti alipofika na mtoto, aliambiwa baba kichwa kinamuuma, amelala. Mtoto alisimama kweli sebuleni, ameshikilia mguu wa meza, na waliomtazama ni bibi yake na mama yake tu.

Tangu hapo walianza kuishi kwa maneno. Sahani iko mbele yako. Ngazi hiyo, moja. Maji ya kuoga yako kushoto. Mama Koleo alisema na Fundi akafuata, na kati yao kulikuwa na nafasi ya urefu wa mkono ambayo hakuna aliyeivuka, hata kitandani. Hospitali walisema wanaweza kukizima kisahani wakati wowote atakao. Fundi alikataa. Alivaa miwani asubuhi kabla ya kuvaa shati, akawasha kisanduku, akazikodolea zile cheche zake chache zisizo na maana. Alisema siku moja zitampa kitu. Akamuuliza mke wake kama anaamini hivyo, mke akasema anaamini.

Asubuhi moja akamwita. "Kaa popote humu ndani. Usiseme. Nitakutafuta mwenyewe."

Mama Koleo akaenda kukaa dirishani, kwenye mwanga, ambako hata mtu asiyejua kompyuta angefikiri kamera itamwona vizuri zaidi. Fundi akageuza kichwa polepole, huku na huku, kidevu kimeinuka. Akanyoosha kidole. Kilielekea kabatini.

Mama Koleo alikitazama kile kidole, chenye makovu ya moto wa zamani, kimenyooka hewani. Akavua ndala. Akainuka, akatembea kwa ncha za vidole, akasimama mbele ya kabati.

"Nimekusikia ukihama," Fundi akasema. "Rudi ulipokuwa."

Akarudi. Fundi akaanza upya, kichwa huku, kichwa huku, muda mrefu, mpaka jasho likamtoka puani chini ya miwani. Kidole kikainuka, safari hii kikaelekea ukutani, kikabaki hapo kikingoja.

"Hapana," Mama Koleo akasema. "Siko huko, Fundi."

Kidole kikashuka, kikapanda, kikaelekea jikoni.

"Hapana."

"Tena," akasema Fundi.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Mama Koleo akakaa palepale dirishani, mikono mapajani, akaendelea kumwambia hapana.